Jina la Mpagazi

Sisi tukaao Ubungo hupanda daladala kwenda Kariakoo kila tutakapo nguo au vyombo, na kondakta hulitaja jina hilo tangu alfajiri hata usiku. Ni wachache wakumbukao ya kuwa ni jina la kikosi. Katika Vita Kuu vya mwaka 1914 hata 1918, Waingereza waliwaita wapagazi wa jeshi lao Carrier Corps; vinywa vyetu vikalifanya Kariakoo, na mahali pa kambi yao pakabaki nalo. Waliokufa miongoni mwao, kwa hesabu ya serikali yenyewe, wapita 40,000 katika Afrika Mashariki, wengi kwa maradhi. Majina yao hatuyaoni.

Basi twauliza: je, aliyekufa vitani awadai walio hai jina lake?

Tume ya Makaburi ya Vita, iliyoanzishwa na Waingereza mwaka 1917, ilikiri deni hilo. Iliagiza kila aliyekufa atajwe kwa jina, kaburini au ukutani, pasipo kutazama cheo, rangi wala dini. Mkristo huchongewa msalaba, Myahudi nyota ya Daudi, na mawe ni ya namna moja. Ni agizo jema. Walakini baada ya vita Gavana Byatt wa Tanganyika aliona afadhali makaburi makubwa ya wapagazi, hapa Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi porini upesi. Mwaka 1927 ikasimamishwa sanamu ya Askari mjini, heshima ya wote pamoja, pasipo jina la mtu.

Na tuwatazame Wayahudi wa Ujerumani. Kama 100,000 walitumika katika jeshi la Kaizari. Mwaka 1916 Wizara ya Vita iliamuru wahesabiwe, kwa kuwa wenye chuki walivumisha kwamba wanakwepa mstari wa mbele. Hesabu ilipokwisha haikutangazwa, na fitina ikaendelea. Hata mwaka 1932 chama cha askari wao wa zamani kikapiga chapa kitabu cha majina ya wenzao waliokufa, zaidi ya 10,000, mmoja mmoja. Kitabu hakikuwaokoa, maana mwaka uliofuata Hitler alishika serikali. Lakini aliyesema kwamba Wayahudi hawakupigana, alisema uongo mbele ya majina yale. Wao walihesabiwa ili washitakiwe. Wapagazi wetu hawakuandikwa, na mshitaki hakupatikana.

Mwalimu mwenzetu alitupinga. Alisema Mwafrika hana haja ya jiwe. Jina la babu hupewa mjukuu, nalo huishi. Neno hili si la kupuuzwa, nasi tulikaa nalo siku nyingi. Lakini ili mjukuu arithi jina, sharti nyumbani wajue ya kuwa babu amekufa. Wangapi walingoja tu? Tena mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuchukuliwa na mtu, fedha zikabaki serikalini. Mwenye daftari la mshahara atasemaje kwamba hakulijua jina la mdai?

Mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda wengine hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi.

Kando ya barabara ya Bagamoyo, upande wa Kinondoni, yako makaburi ya vita yaliyofanywa mwaka 1968, maiti 660 walipohamishwa kutoka Ocean Road kuipisha barabara mpya. Tuliwapeleka wanafunzi huko, tukawaeleza desturi ya Wayahudi ya kuweka kijiwe juu ya kaburi, ishara kwamba mtu amefika. Msichana mmoja akaokota kijiwe, akauliza akiweke wapi, kwa kuwa babu wa babu yake alichukuliwa upagazi asirudi. Tulitazama huku na huku. Akakitia mfukoni, tukarudi nacho Ubungo.