Kuni Zipelekwe Kabla ya Msiba

Wanangu, Juni imeingia, ukungu hauondoki hadi saa nne asubuhi, nami nitasema yale yale niliyoyasema mwaka jana na mwaka juzi. Mnivumilie. Mzee akirudia jambo, si kila mara kasahau kwamba alikwisha kulisema.

Huku kwetu Makete na Njombe baridi hushika hadi Agosti. Kule Kitulo, zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kuna asubuhi majani huamka yameganda. Ninyi mnaopasua mbao na kubeba magunia ya viazi mnaiona kuwa usumbufu wa alfajiri tu. Mkiinua shoka kidogo jasho linawatoka. Mwili wa mtu wa miaka themanini hauna joto hilo. Nyama imepungua, mishipa ya ngozi haijibani upesi, hata kutetemeka kumefifia, na mara nyingi mwenyewe hajui kuwa amepoa. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, ulimi huwa mzito, akili huchanganyika, usingizi humvuta. Mpita njia atasema bibi kaonja pombe ya komoni. Hakuonja kitu. Wala asitokee wa kumpa hiyo komoni ati imchangamshe: pombe huita damu kwenye ngozi, mtu akahisi vuguvugu huku joto lenyewe likimtoka.

Mtanijibu kwamba mnawasalimia kila siku. Kweli, nimewaona, mkiwa juu ya bodaboda. "Shikamoo bibi, hujambo?" "Marahaba, sijambo." Mmeshapita. Mlitaka ajibu nini? Mtu aliyelea watoto wake na wa wenzake hawezi kupaza sauti hadi barabarani kwamba jana alilala bila moto. Mzee wa huku ukimuuliza kama ana njaa, atasema ameshakula. Kwa hiyo msimuulize. Ingieni ndani. Tazameni kama majivu ya mafigani ni ya jana au ya juma lililopita. Shikeni blanketi, mjue ni zito au limebaki jina. Angalieni na ndoo ya maji, maana asiyeweza kwenda kuchota hata chai hanywi.

Na msije mkamwachia jiko la mkaa chumbani, mlango mmeufunga, mkaondoka mmeridhika. Mkaa ule hutoa gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala haamki. Moto aote dirisha likiwa wazi, na jiko litolewe nje kabla hajalala. Kitandani mwekeeni kidumu cha maji ya moto, kimefungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa, kikae karibu na miguu. Nyumba za bati mlizowajengea wazazi zinapendeza, nawashukuru. Ila ile ya nyasi ilitunza joto; bati lisilo na dari, usiku linalitoa lote.

Najua lipo swali: watoto wao wako wapi? Wengine wako Makambako na Dar es Salaam wanatafuta. Wengine tuliwazika. Utafiti wa taifa wa 2011 na 2012 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wa Njombe wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wanaishi na virusi vya UKIMWI, kiwango kilichoipita mikoa mingine yote. Na hapo dawa zilikuwa zimeshafika. Kabla yake tulichimba makaburi hadi mikono ikachoka. Bibi mnayemwona peke yake alibaki na wajukuu, akawalisha, wakakua, wakaondoka. Baadhi yenu hapa mmelelewa hivyo hivyo, sihitaji kuwataja.

Serikali ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, na hospitalini wazee wana dirisha lao. Ni jambo jema, lakini dirisha halimfuati mtu kitandani.

Kinachonichosha zaidi ni kuni. Mzee akifa, kabla jua halijazama uwanja wake umejaa magogo. Vijana mnapasua kwa zamu, moto unawaka usiku kucha, mablanketi yanaletwa, chai inachemka kwenye sufuria kubwa, na daftari la michango linazunguka. Siwalaumu kwa hilo. Msiba ni wetu sote. Lakini moto ule wa matanga ungemtosha marehemu msimu mzima, na hakuna aliyempelekea hata mzigo mmoja alipokuwa anakohoa.

Balozi wa nyumba kumi anawajua wazee wote wanaoishi peke yao. Anzieni kwa yule bibi wa ng'ambo ya kijito. Atawaambia kuni anazo, tena atawafokea kidogo kwa kumsumbua. Pasueni hivyo hivyo, mzipange ndani karibu na mafiga, kwa sababu za nje hulowa na ukungu.