Herufi Yasemaje? Wasia kwa Wazazi Juu ya Kuwasomesha Wana Nyumbani

Bismillahi Rahmani Rahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu, akamfundisha aliyokuwa hayajui. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu wa Malindi, Mambrui, Kilifi, Takaungu na miji iliyo jirani, jambo nitakalolieleza leo huenda likaonekana dogo mbele ya baadhi yenu, kwani ni jambo la watoto wadogo na alifu zao. Lakini neno la kwanza aliloteremshiwa Mtume wetu katika pango la Hira lilikuwa ni amri ya kusoma, na jambo ambalo Mwenyezi Mungu ameanza nalo si letu sisi kulidharau. Nami sitaanza kwa kuwalaumu wengine. Nitaanza kwa kosa langu mwenyewe, ili msomaji ajue kwamba wasia huu umenipita mimi kabla ya kumfikia yeye.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa na chuo cha watoto katika mtaa mmoja wa Malindi. Miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwamo mtoto wa miaka saba, mpole, mwenye sauti nzuri. Juzuu Amma aliisoma yote bila ya kukwama, na kidole chake kikitembea juu ya mistari kama kidole cha msomaji hodari. Nikamsifu mbele ya wenziwe. Siku moja alitutembelea mzee mmoja mwenye elimu, akamwita mtoto yule, akamfungulia Sura ya Fil, na mtoto akaisoma vyema. Kisha mzee akaziba mstari kwa kiganja chake, akaacha neno moja tu katikati, akamwambia, "Nisomee hili." Mtoto akanyamaza. Akamfungulia ukurasa asiouhifadhi, akanyamaza vile vile. Mtoto yule hakuwa akisoma hata siku moja. Alikuwa amehifadhi kwa masikio, na kidole chake kilikuwa kikitembea bure.

Nami nilifanya nini? Badala ya kujiuliza mimi mwalimu nilikuwa wapi muda wote ule, nilimchapa kwa kunitia aibu mbele ya mgeni. Naomba maghufira kwa Mola wangu kwa fimbo ile. Mtoto akawa hataki tena kuja chuoni, akijificha kila asubuhi.

Baada ya miezi kadhaa mamake akanijia naye. Mama yule hakupata kwenda skuli. Alisoma Msahafu kwa bibi yake tu. Akaniambia, "Mwalimu, mfungulie popote utakapo." Nikamfungulia katikati ya Sura ya Yusuf, na mtoto akasoma polepole, akisita hapa na pale, lakini akasoma kwa macho yake, neno kwa neno. Nikamuuliza mama, "Umefanyaje, mamangu?" Akanijibu neno ambalo sijalisahau mpaka hivi leo: "Mwalimu, wewe ulimwambia herufi yaitwaje. Mimi nalimwambia herufi yasemaje."

Ndugu zangu, katika maneno yale machache mna elimu nzima ya kusomesha, na yatupasa tuifafanue.

Kila herufi ina jina na ina sauti, na viwili hivi si kitu kimoja. Herufi iitwayo jimu, jina lake ni jimu, lakini ndani ya neno haisemi "jimu". Ushahidi wa jambo hili umo ndani ya Qurani yenyewe. Tazama mwanzo wa Sura ya Baqara: mna herufi tatu, alifu, lamu na mimu, nazo husomwa kwa majina yao, kila moja peke yake. Kisha tazama mwanzo wa Sura ya Fil: utaziona herufi zile zile tatu, kwa mpango ule ule, lakini hapo husomwa kwa sauti zao, nalo neno huwa ni "alam". Mtoto aliyefundishwa majina tu, na hakuna aliyemwonyesha sauti, atajuaje tofauti ya mahali hapa pawili? Hana la kufanya ila kungojea mwalimu atamke, naye afuate. Na huko si kusoma. Huko ni kuitikia.

Huenda akatokea mtu akasema, "Huu ni mtindo mpya wa skuli, na sisi tuna mtindo wa wazee wetu." Jawabu letu ni kwamba wazee wetu ndio walioitangulia elimu hii. Imepokewa ya kwamba Abul-Aswad ad-Duali, alipotaka kuutia Msahafu alama za irabu, alimwamuru mwandishi wake autazame mdomo wake: akiufungua, aweke kitone juu ya herufi, akiushusha, aweke chini, akiikusanya midomo, aweke mbele yake. Ndiyo maana irabu zikaitwa fat-ha, yaani kufungua. Na kasra, yaani kuvunja. Na dhumma, yaani kukusanya. Majina haya ni ya kazi ya kinywa. Naye Al-Khalil bin Ahmad, mwanachuoni mkubwa wa lugha wa Basra katika karne ya 2 Hijria, alipotunga kamusi yake hakuzipanga herufi kwa alifu, bee, tee. Alizipanga kwa mahali zitokeapo sauti zake, akianzia kooni na kumalizia midomoni. Na elimu ya tajwidi yote imejengwa juu ya kujua kila herufi hutokea wapi. Basi vipi iwe sauti ya herufi ni jambo geni kwetu?

Hata hijai ya vyuo vyetu, "bee fat-ha ba, bee kasra bi, bee dhumma bu", makusudio yake ni ile "ba", na ile "bi", na ile "bu" ya mwisho. Wazee wetu hawakukosea. Tuliokosea ni sisi tuliobakisha wimbo na kuiacha maana yake, tukawa twawaimbisha watoto arubaini kwa pamoja bila ya kumsikiliza mmoja mmoja.

Na elimu njema haikataliwi kwa sababu ya mlango iliyoingilia. Baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria, walikuwamo mateka wasiokuwa na mali ya kujikomboa, na Mtume (S.A.W.) akaifanya fidia yao ni kuwafundisha watoto wa Ansari kuandika. Waalimu wale walikuwa mushrikina waliotoka kumpiga vita, wala hilo halikumzuia kuichukua elimu yao. Na hapa pwani petu, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyetoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 huko Mombasa, aliwahimiza Waislamu watafute elimu ya dini na ya dunia pamoja, wasiache moja kwa ajili ya nyingine. Mwaka 1986, huko huko Mombasa, ilianzishwa skuli ya watoto wadogo iliyochanganya mafunzo ya dini na malezi ya kisasa, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan na kwa juhudi za Bi Swafiya Said. Wanawake wa mitaani wakafundishwa ualimu, na mpango ule ukaenea mpaka Unguja na Uganda. Na mwaka 2015 Serikali ya Kenya ilieneza mpango wa Tusome katika madarasa ya mwanzo ya skuli za msingi, ambao mafunzo yake yalikuwa yakianza kwa sauti za herufi na vipande vya maneno. Basi haifai mtoto akute sauti skuli, kisha arudi nyumbani akute majina na makelele.

Sasa tuseme namna ya kufanya, kwani wasia usiokuwa na njia ni mzigo juu ya mzigo.

Kwanza, anza kwa masikio kabla ya macho. Mtoto wa miaka minne hahitaji kitabu. Muulize mkiwa jikoni au njiani: "Maji, moto, mama; yaanza kwa sauti gani?" Atasema "mmm". Hapo amekwisha kupiga hatua ya kwanza. Na watoto wetu wa pwani wana mchezo wa kinyume, ambao "nyumba" huwa "mbanyu" na "kesho" huwa "shoke". Wazee wengi huwakemea kwa mchezo huo, ilhali mtoto awezaye kinyume amekwisha kujua kwamba neno lina vipande, na vipande vyaweza kutengwa na kuungwa. Hiyo ni nusu ya kazi ya kusoma.

Pili, mfundishe irabu tano za Kiswahili, a, e, i, o, u, kwa sauti zake. Kisha herufi chache, si zote kwa siku moja. Ukiwa na m, k na t pamoja na irabu, una mama, kaka, kata, kiti, meko, moto. Herufi kama m na s waweza kuivuta sauti yake peke yake, "mmm", "sss". Ama b au t haivutiki, basi iunge mara moja na irabu: ba, be, bi, bo, bu. Lugha yetu ni nyepesi katika jambo hili, kwani maandishi yake hufuata matamshi. Jihadhari na kuzitaja herufi kwa majina ya Kiingereza mtoto anaposoma Kiswahili. Kwa Kiingereza e huitwa "ii", na mtoto aliyezoea hivyo akitaka kuandika "simu" huandika "semu", kisha hupigwa kwa kosa lililotoka kwetu.

Tatu, zile sauti ziandikwazo kwa herufi mbili, kama sh, ch, ny, th, dh na gh, mwonyeshe kuwa ni sauti moja iliyovaa nguo mbili. Msikilizishe tofauti ya "ngoma" na "ng'ombe". Na mtoto wa chuo ana bahati hapa, kwani th, dh na gh amekwisha kuzikuta katika thaa, dhali na ghaini. Mwambie hivyo, apate kuona kuwa chuo na skuli si maadui.

Nne, kuandika kuende sambamba na kusoma. Taja neno, "samaki". Apige kofi kwa kila kipande: sa, ma, ki. Kisha aandike kipande baada ya kipande, kwa chaki, kwa mkaa, au kwa kidole mchangani. Mama yule niliyemtaja hakuwa na kitu ila mkaa na sakafu ya ua wake.

Tano, iwe robo saa kila siku baada ya Maghribi, na asichoke mtoto wala mzazi. Haba na haba hujaza kibaba. Na mara kwa mara ziba mstari, uache neno moja, kama alivyofanya mzee yule. Hiyo ndiyo mizani ya kujua kama mtoto asoma au aitikia.

Wako watakaosema, "Mimi mama sina elimu." Mwambieni kwamba Bibi Shifa binti Abdallah ndiye aliyemfundisha kuandika Bibi Hafsa, mke wa Mtume (S.A.W.), na Mtume hakulikataza. Mwenye kujua herufi kumi na afundishe kumi. Na wako akina baba watakaosema, "Nimelipa ada, kazi ni ya mwalimu." Baba huyo nampata barazani mpaka Isha, na mwanawe nyumbani amepewa simu ya mkononi ili anyamaze. Mtume (S.A.W.) ametueleza kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga. Hakusema kuwa ada huondoa swali hilo.

Na ama fimbo, nimekwisha kuwaeleza yangu. Mtume (S.A.W.) amesema kuwa asiyewahurumia wadogo wetu si katika sisi, na ametubashiria kuwa asomaye Qurani kwa taabu, huku akikwama, ana ujira mara mbili. Ikiwa Mola wake ampa mtoto anayekwama ujira mara mbili, wewe wampa fimbo kwa haki gani?

Jambo la mwisho. Twapenda kumfanyia karamu mtoto anapohitimu. Mbuzi huchinjwa, wali hupikwa, na majirani hualikwa. Furaha hiyo si mbaya. Lakini kabla ya kuagiza mchele, mkalishe mwanao, fungua Msahafu mahali asipopatazamia, uzibe mstari. Akisoma, alika mji mzima. Akinyamaza, usimpige wala usimwaibishe. Iahirishe karamu, na usiku ule ule uanze naye: hii yasemaje, na hii yasemaje.

Mtoto yule, Alhamdulillahi, leo ni mtu mzima, naye huwasomesha wanawe. Kila nikutanapo naye hunibusu mkono, nami huona haya, kwani mkono uliostahiki busu ile ni wa mamake.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyowakosea watoto wetu kwa ujinga wetu, utupe subira ya kuwafundisha, na ukijaalie Kitabu chako kiwe chepesi kwa ndimi zao, machoni mwao na katika nyoyo zao. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.