Ulimi wa Tajiri na Heshima ya Karani

Enyi ndugu zetu Waislamu, leo twataka kusema nanyi juu ya jambo litendekalo kila siku katika maduka na ofisi zetu, na wengi wetu hawalihesabu kuwa ni katika mambo ya dini. Nalo ni matusi ya tajiri kwa mtu aliyemuajiri.

Alitujia katika darsa, baada ya Magharibi, kijana mmoja aliye karani wa kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini. Watu wa ofisi ile ni sita pamoja na tajiri wao. Akatueleza ya kuwa hazipiti siku mbili ila huitwa punda, au mwizi, au mtoto wa mama asiyejua kulea, mbele ya wenziwe na mbele ya wateja. Akiwa hayupo kazini matusi humfuata hata nyumbani, kwa ujumbe wa sauti katika kikundi cha WhatsApp cha ofisi, mkewe na wanawe wakisikia. Amekaa katika kazi ile miaka minne. Asema sasa akiliona jina la tajiri wake katika simu mkono humtetemeka, na lililomtia hofu zaidi ni kuwa siku moja alijisikia akimkaripia mwanawe kwa maneno yale yale aliyoambiwa yeye mchana.

Tumepata ruhusa yake kuieleza khabari hii, na majina hatuyataji. Wala asidhani msomaji kuwa ni ofisi moja tu. Tulipoisimulia bila jina, watu wanne walituuliza, kila mmoja kwa siri, kama twamsema tajiri wao.

Basi sisi tulimjibuje? Yatupasa kusema kweli ingawa ni juu ya nafsi zetu. Tulimwambia: "Subiri, mwanetu. Riziki ni ya Mungu." Yule kijana akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa adabu: "Masheikh zangu, mimi mwanifunza subira. Na yeye mwamfunza nini?"

Hatukuwa na jibu, na sababu yake twaijua. Tajiri yule huswali safu ya mbele. Kila Ramadhani hutoa tende na mchele wa futari, na mazulia tunayoyasujudia alinunua yeye. Tumekula chakula chake na tukamuombea dua hadharani kwa kumtaja jina. Kwa hivyo ilikuwa nyepesi kwetu kumhubiria mnyonge kuliko kumkanya mwenye nguvu, na woga wetu tukauita subira.

Subira si hiyo. Nabii Musa (A.S.) na nduguye Harun walipotumwa kwa Firauni, waliamrishwa waseme naye kwa upole, na khabari hiyo imo katika Surat Taha. Lakini waliamrishwa kusema, hawakuamrishwa kunyamaza. Mwenye kusubiri huizuia nafsi yake isilipe tusi kwa tusi, wala hapotezi kwa kusubiri kwake haki ya kusema kuwa amedhulumiwa. Wako wanaomwambia mtu kama huyu kwamba akimshitaki tajiri wake atakuwa amesengenya. Haya ni makosa. Katika Surat An-Nisaa Mwenyezi Mungu amemtoa mwenye kudhulumiwa katika makatazo ya kutaja ubaya hadharani, na Imam Nawawi alipoyataja mambo sita yanayohalalisha kusema mabaya ya mtu asiyekuwapo, la kwanza alilotaja ni mashitaka ya mwenye kudhulumiwa kwa yule awezaye kumtolea haki yake.

Na wewe ndugu yetu uliye tajiri, twakutaka utusikilize, kwani wewe ndiwe tuliyekuwa twakukwepa. Twajua ya kuwa mzigo wako si mwepesi. Karani akikosea tarakimu moja katika karatasi za forodha, kontena hulala bandarini, gharama zahesabiwa kila siku, na mteja humpigia kelele mwenye kampuni, si karani. Twajua pia ya kuwa katika miaka ya 2018 na 2019, mizigo ilipokuwa ikipelekwa Nairobi kwa reli mpya, makampuni madogo ya Mombasa yaliumia sana, na mengine hayakuinuka tena. Mweleze karani kosa lake, na ukiona ni mzembe mpe onyo kwa maandishi. Hayo ni haki yako. Lakini mama yake ana kosa gani katika karatasi za forodha?

Anas bin Malik (R.A.) alipelekwa na mamake kumtumikia Mtume (S.A.W.) angali mtoto, akamtumikia miaka 10. Naye alihadithia ukubwani ya kuwa katika muda wote huo hakuambiwa hata neno dogo la kuchukiwa, wala hakuulizwa kwa ukali kwa nini umefanya hili au kwa nini hukufanya lile. Na kijana mdogo hukosa kuwaje! Hapana shaka alikosa mara nyingi. Na nyumba ile haikuwa na mambo madogo kuliko kontena zako. Mlikuwa na vita, na wajumbe, na njaa.

Tena tazama khabari ya Abu Dharr (R.A.), sahaba mkubwa. Alimtukana mtu kwa mamake, na Mtume (S.A.W.) alimwambia wazi kuwa bado ndani yake mna ujahili, akamfahamisha kuwa wanaotumikia watu ni ndugu zao, Mungu amewaweka chini ya mikono yao. Baada ya hayo watu walimkuta Abu Dharr huko Rabadha, amevaa vazi, na mtumwa wake amevaa mfano wake. Hakukasirika kwa kukanywa, wala hakusema, "Mimi nimetangulia katika Uislamu."

Nyinyi mwaijua biashara kuliko sisi, basi lifikirini jambo la muflisi. Mtume (S.A.W.) aliwauliza sahaba zake muflisi ni nani, wakamjibu kama atakavyojibu mfanya biashara yeyote: ni asiye na fedha wala mali. Akawajulisha ya kuwa muflisi wa umma wake ni mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, na saumu, na zaka, naye amemtukana huyu, na kumsingizia huyu, na kula mali ya huyu. Basi thawabu zake zitagawiwa wadai wake, na zikimalizika kabla ya deni, atatwikwa dhambi zao. Tende za futari zimo katika daftari hilo, upande mmoja. Na sauti zilizotumwa katika simu ya karani zimo upande wa pili.

Twarudi kwako, kijana wetu. Usimrudishie tusi, hata neno moja, kwa ajili ya dini yako na kwa ajili ya kazi yako pia. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 44, yahesabu kumtukana tajiri kuwa ni kosa kubwa la kumfukuzisha mtu kazi papo hapo. Hata hapo kifungu cha 41 chataka uelezwe sababu na usikilizwe, pamoja na mwenzako wa kazi uliyemchagua, lakini kwa nini umpe silaha? Likiwa kosa ni lako, likiri upesi. Zungumza naye akiwa peke yake na hasira zimetulia, umwambie: "Bwana, kosa langu nimelikubali, lakini mamangu usimtaje." Andika tarehe, maneno, na waliokuwapo. Sauti zile usizifute.

Jua pia ya kuwa Katiba ya mwaka 2010 imeilinda heshima ya kila mtu katika kifungu cha 28, na haki ya kutendewa uadilifu kazini katika kifungu cha 41. Kumfukuza mtu kwa sababu ameshitaki, ikiwa mashitaka yake yana msingi, sheria hailikubali. Aliyefukuzwa ana miezi mitatu kumfikishia afisa wa kazi malalamiko yake. Na tangu mwaka 2015 Mahakama ya Rufani imekubali ya kuwa mtu aliyelazimika kuacha kazi kwa ubaya mkubwa wa muajiri wake aweza kuhesabiwa kuwa amefukuzwa. Lakini usiondoke kwa hasira siku moja ukaacha funguo mezani. Kwanza shauriana na ajuaye sheria. Anayelipwa kwa mwezi, ikiwa mkataba wake hausemi zaidi, hutoa taarifa ya siku 28.

Ama sisi wa darsa, watatu katika sisi walikwenda kwa tajiri yule baada ya Isha, nyumbani kwake, kwani kumnasihi mtu mbele ya watu ni kumfedhehesha. Kwanza alisema, "Huyu ni kama mwanangu, namfunza kazi." Kisha alikasirika, akatuambia ya kuwa mchele wake tuliula bila maswali. Neno hilo lilikuwa kweli, na hatukumjibu. Tulikaa mpaka kahawa ikapoa, tukamsomea khabari ya muflisi, tukaaga.

Tangu usiku ule ujumbe wa sauti umekoma. Ofisini, twaambiwa, bado hupaza sauti, lakini mama za watu hawatajwi. Kijana alikuwa amekwisha kata shauri. Alitoa taarifa yake, akazitimiza siku zake, na sasa yuko katika ofisi nyingine kwa mshahara mdogo kuliko wa kwanza. Cheti cha utumishi, ambacho ni haki yake kwa sheria, bado hajapewa. Alhamisi, baada ya Isha, tutakwenda tena.