Akila Wako Yuko Huko Unakoenda

Neno la Jumapili: Matendo ya Mitume 18:1–11



Hapa madhabahuni tumewawekea mikono vijana wengi wanaosafiri. Huyu anaenda Doha kuwa soja, yule anaenda Riyadh kufanya kazi za nyumbani, mwingine Dubai kuendesha gari. Tunaombea viza, tunaombea tiketi, tunaombea mwajiri mwema. Ni vizuri. Lakini kuna jambo moja hatuliombei, na ndilo linaloangusha wengi: marafiki. Mtu anafika salama, mshahara unaingia, lakini usiku anageukia ukuta na kulia. Mama akipiga simu, anacheka na kusema, "Niko sawa kabisa." Wapendwa, upweke hauonekani kwenye picha za WhatsApp.

Sasa tumwangalie Paulo. Anaingia Korintho akitoka Athene, ambako wengine walimcheka na wachache tu wakaamini. Sila na Timotheo bado wako Makedonia. Korintho ni mji mkubwa wa biashara, wenye bandari pande mbili, watu wa kila kabila wanapita, na hakuna anayemngoja. Baadaye yeye mwenyewe aliwaandikia Wakorintho kwamba alifika kwao akiwa dhaifu, mwenye hofu na kutetemeka sana (1 Wakorintho 2:3). Umesikia hiyo? Mtume mzima alitetemeka ugenini! Basi asikudanganye mtu kwamba ukijisikia mpweke huna imani. Swali ni moja tu: Paulo alifanya nini na hofu ile?

La kwanza: yeye ndiye aliyeenda. Soma mstari wa pili vizuri. Alimpata Akila na mkewe Prisila, na Biblia inasema Paulo akaenda kwao. Hakukaa chumbani akisema, "Watu wa huku wana maringo." Na Akila mwenyewe hakuwa mwenyeji. Alizaliwa Ponto, pwani ya Bahari Nyeusi, upande ambao leo ni Uturuki. Akaishi Italia, kisha Klaudio Kaisari akaamuru Wayahudi waondoke Rumi. Wanahistoria wengi huweka amri hiyo karibu mwaka 49. Yaani mgeni alibisha kwa mgeni mwenzake, na mlango ukafunguliwa. Ndugu yangu unayesafiri, huyo unayemuona amenyamaza kitanda cha pili, Mnepali au Mganda, labda naye anangoja mtu wa kumsalimia. Anza wewe.

La pili: urafiki wao ulianzia kazini. Walikuwa mafundi wa mahema wote watatu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Paulo hakungoja kupewa, alishika sindano mwenyewe. Urafiki wa ugenini haujengwi kwa hotuba. Unajengwa mkipokezana zamu, mkichangia sufuria moja ya wali, mkifundishana maneno. Na sisi tuna mtaji hapo. Samaki, sukari, sabuni, kitabu, dakika, yote hayo mwenye kusema Kiarabu atakuelewa. Hata neno rafiki tumelitoa kwao. Kwao ni rafiq, mwenzi, hata mwenzi wa njiani. Umefika na neno hilo mdomoni tayari. Litumie.

Kazi pia inapima mtu. Ukishona hema na mtu miezi mitatu, utajua kama uzi wake ni imara. Kwa hivyo, wapendwa, si kila anayekuita "ndugu" kwa Kiswahili ni rafiki. Anayetaka umpe pasipoti yako akuwekee, anayeomba pesa za mtu usiyemjua zipitie kwa akaunti yako, anayekupa kifurushi ubebe bila kuona ndani, kimbia! Hata kama mmetoka kijiji kimoja.

La tatu: Paulo hakubaki mlango mmoja. Mstari wa saba unasema alipokataliwa na watu wake wa sinagogi aliingia nyumba ya Tito Yusto, mtu mcha Mungu, nyumba iliyopakana na sinagogi. Akila alikuwa mlango wa kwanza tu. Tafuta Wakenya wenzako, jiunge na chama chao, lakini usijifungie humo. Mungu anaweza kukuweka kwa jirani usiyemtarajia.

Kwa upande wa ibada, jua nchi unayoenda. Pale Doha kuna eneo maalum la makanisa, Mesaimeer, ambako madhehebu mengi huabudu, na Ijumaa huwa siku kubwa. Sheria ya Qatar namba 15 ya mwaka 2017 inampa mfanyakazi wa nyumbani siku moja ya kupumzika kila wiki. Dada, ijue haki hiyo kabla hujapanda ndege, ndiyo siku yako ya kuwa na watu. Saudi Arabia hakuna kanisa la kuingia. Huko heshimu sheria ya nchi, omba kwa utulivu, na shikilia mtu mmoja wa kuongea naye, hata kwa simu.

Sasa sikia Bwana alivyomwambia Paulo usiku ule katika maono. Alimwambia asiogope, aendelee kunena, kwa maana katika mji ule Mungu alikuwa na watu wengi. Haleluya! Paulo aliona mji wa wageni, Mungu akaona watu wake. Akakaa mwaka mmoja na miezi sita. Na wale wawili aliobisha kwao siku za kwanza, baadaye aliandika kwamba walihatarisha shingo zao kwa ajili yake (Warumi 16:3–4). Kumbe fundi mwenzako wa leo ndiye atakayekusimamia kesho hatari ikija.

Lakini ujumbe huu si wa wasafiri tu. Wewe unayebaki, nisikilize. Saa ya Doha na Riyadh ni sawa na saa yetu. Huna kisingizio. Mbona simu yako inalia kwake karo ikiisha tu? Wiki hii mpigie usiombe kitu. Muulize amekula na nani.

Na tena, Akila na Prisila walijua uchungu wa kufukuzwa, ndiyo maana walijua kupokea. Hapa kwetu kuna Wakongomani, Warundi, Wasudani Kusini. Wengine wanakaa kiti cha nyuma na kutoka kabla ya matangazo. Mkongomani akisema Kiswahili chake, tunacheka. Kutoka 23:9 Mungu anawakumbusha Israeli wasimwonee mgeni, kwa sababu wanaujua moyo wa mgeni, walikuwa wageni Misri. Mama ambaye binti yako yuko Riyadh, unaomba apate wa kumfungulia mlango. Je, mlango wako hapa Nairobi uko wazi kwa binti wa mwenzio? Usiombe kwa Mungu Akila wa mtoto wako huku wewe umekataa kuwa Akila wa mtoto wa mwingine.

Hatua ya wiki hii: mpigie simu mmoja aliye ng'ambo, na mkaribishe mgeni mmoja chai nyumbani. Jumapili ijayo, kabla ya kutoka, geuka nyuma umsalimie yule usiyemjua jina.

Tuombe: Baba, uwatangulie wana wetu walio mbali. Uliye na watu katika kila mji, wakutanishe nao. Wape ujasiri wa kubisha na hekima ya kumtambua rafiki wa kweli. Nasi utupe mioyo ya Akila na Prisila, nyumba zetu ziwe mlango wa mgeni. Katika jina la Yesu. Amina.