Sala Iliyoigwa

Mwimbaji mmoja wa kwaya yetu hapa Goma aliuliza: je, sala iliyoigwa ni sala kweli? Tulikuwa tumesikiliza Missa Luba katika santuri mbili. Ya kwanza, ya mwaka 1958, ni ya watoto na walimu wa Kamina wakiongozwa na Padre Guido Haazen. Wao walibuni sauti nyingi palepale wakiimba. Ya pili, ya 1990, ni ya kwaya ya Muungano ya Kenya na mwalimu wao Boniface Mganga; hao waliimba misa iliyokwisha kuimbwa na wengine kabla yao.

Mimi napenda ya Kamina, ingawa yakwaruza. Lakini maneno ya Kilatini hayakutungwa na hawa wala wale. Na Baba Yetu je? Twaikariri tangu utoto, na siku ya msiba ndiyo ya kwanza kututoka kinywani.

Yule ndugu akanyamaza, kisha akaomba tusikilize Kyrie tena.