Mteja wa Mbali na Haki ya Ujirani

Swali la iwapo mfanyabiashara ana wajibu wowote kwa jamii ya mteja asiyewahi kumwona, ukiacha ule wa kumfikishia mteja huyo bidhaa aliyoilipia, ni la zamani katika pwani ya Afrika Mashariki, ijapokuwa intaneti imelipa uzito mpya. Majahazi yalipokuwa yakitegemea pepo za msimu, mfanyabiashara aliyeletwa na kaskazi kutoka Oman au Bara Hindi hakuwa na budi kuingoja kusi ndipo arejee kwao, na katika miezi hiyo alikaa mtaani, akaswali pamoja na wanunuzi wake, akahudhuria maziko yao na pengine akaoa kwao. Ujirani wake, yaani kushiriki heri na shari za watu anaowauzia, ulilazimishwa na upepo.

Historia ya kanga yaonyesha kwamba ujirani wa namna hiyo uliweza kuvuka bahari hata pale mtengenezaji asipokuja mwenyewe. Kanga nyingi zilizovaliwa Zanzibar na Mombasa katika karne ya 20 zilipigwa chapa Uholanzi, Uingereza, Japani na India. Lakini pamoja na pindo, ambalo ni ukingo wa nguo, na mji, ambao ni sehemu yake ya kati, kanga ilikuja kuwa na jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, na maneno hayo hayakuweza kubuniwa na mtu asiyejua wanawake wa pwani wanasemezana nini. Kiwanda cha mbali kililazimika kuwategemea wenye maduka waliosikiliza kwanza, kisha wakaagiza.

Katika fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, mauzo hufungwa katika majlisi, ambayo ni kikao cha muuzaji na mnunuzi. Gharari, yaani utata unaoficha hali ya kinachouzwa, imekatazwa. Na mnunuzi aliyekuta aibu katika bidhaa ana khiyari, yaani haki ya kuirudisha. Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu, lililokutana Jeddah mwaka 1990, lilikubali kwamba watu walio mbalimbali wanaweza kufunga mkataba kwa maandishi au kwa kompyuta, na kwamba wanaozungumza kwa simu kwa wakati mmoja huhesabiwa kama waliohudhuria pamoja. Uamuzi huo unathibitisha uhalali wa mkataba, lakini haulimalizi swali la ujirani, kwa kuwa khiyari humlinda aliyenunua peke yake, ilhali madhara ya biashara yanaweza kumfikia asiyenunua kitu, kama vile fundi cherehani wa mtaani anayepoteza kazi nguo zilizoshonwa tayari zinapoagizwa kutoka ng'ambo.

Huenda ikasemwa kwamba kumjali fundi huyo ni ihsani, yaani wema unaozidi kiwango cha haki, na kwamba muuzaji hawezi kudaiwa wema. Hoja hiyo ina nguvu mbele ya hakimu, lakini inapungua mbele ya Mungu, kwani aya ya 90 ya Surat An-Nahl inaamrisha uadilifu na ihsani kwa pamoja, wala haimruhusu mwenye kutimiza la kwanza kujiona amemaliza.

Kwa hiyo intaneti, ambayo imeondoa ulazima wa kungoja, haikuondoa wajibu uliozaliwa na kungoja huko. Chombo kile kile kinachopokea fedha za mteja kwa dakika moja kinaweza pia kupokea malalamiko yake kwa lugha yake, kumfahamisha muuzaji kwamba mji uko katika msiba au katika mfungo, na kumkutanisha na wakala na mafundi wa huko wanaostahili kupata sehemu ya riziki hiyo. Mfanyabiashara anayekitumia kupokea fedha tu ameuza kihalali, lakini hajawa jirani. Na kwa kuwa hakuna tena upepo wa kumzuia asiondoke, ni juu yake kuchagua kubaki.