Dole Gumba la Baba

Mwezi uliopita niliketi kwenye kikao cha ukoo mmoja hapa Naliendele, mimi nikiwa mtu baki niliyeitwa kusikiliza. Katikati ya mkeka paliwekwa ukurasa uliochanwa kwenye daftari. Chini yake alama ya dole gumba, wino wa buluu, imeteleza kidogo kama ya mtu aliyeshikwa mkono. Ukurasa ulisema mikorosho yote ya upande wa bondeni ni ya kitindamimba. Mzee mwenye shamba, macho yamezibwa na mtoto wa jicho, akapewa aushike. Akaugeuza, akausogeza karibu na pua, akauliza, "Hii si ile ya kuandikishia salfa ya mikorosho?"

Hakuna aliyejibu. Kitindamimba alikuwa akinyofoa ukindu wa mkeka.

Nikamkumbuka Mbatian, mwana wa Supeet, oloiboni mkuu, yaani mganga na mtabiri, wa Wamaasai katika karne ya 19. Kusini kwetu ng'ombe hawakuwa wengi, mbung'o walihakikisha hilo. Utajiri wetu una mizizi. Kwa Wamaasai utajiri hutembea, na Mbatian alikuwa mtu ambaye vijana hawaendi kuteka ng'ombe bila baraka yake, na wakirudi salama hupelekewa fungu lake. Alifariki mnamo mwaka 1890, akaacha wana wawili ambao majina yao yangali yakitajwa: Sendeyo na Olonana.

Kisa chao aliwahi kukiandika Hollis, Mwingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1905, kama alivyosimuliwa na Wamaasai. Mbatian alipoona siku zake zinakwisha, alimwita Sendeyo, akamwambia aje kesho alfajiri apokee vyombo vya uoloiboni: rungu la chuma, pembe la dawa, kibuyu cha mawe. Olonana alikuwa amejibanza kwenye kibanda cha ndama, akasikia yote. Kabla hakujapambazuka akaingia kwa baba, akasema amekuja. Mzee alikuwa amebaki na jicho moja tu, na hilo nalo limechoka. Akampa. Sendeyo alipofika akaambiwa kwamba ndugu yake ameshapewa. Wasomaji Wakristo hapa watawakumbuka Esau na Yakobo.

Yaliyofuata yanajulikana. Sendeyo alijitenga na watu wake wa Loita, ndugu wakapigana kwa miaka, na mwaka 1902 ndipo Sendeyo alipokuja kuomba amani. Na fikiria walikuwa wakigombea nini. Ilikuwa miaka ya sotoka, ugonjwa ulioingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 ukashuka huku. Inakadiriwa kwamba katika kila ng'ombe kumi wa Wamaasai, tisa walikufa. Ndui nayo ikawafuata watu. Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, alipita Ngorongoro mwaka 1892 akakuta watu wamekonda hata wanatafuna ngozi na mifupa ya mifugo iliyokufa. Urithi ulikuwa unanuka mizoga, na wana wa baba mmoja bado wananoa mikuki.

Wengi wakisikia kisa hiki humlaumu Olonana, na kweli alichofanya ni wizi. Mimi naanza na mzee. Kama Sendeyo alistahili, kwa nini aitwe kwa kunong'onezwa? Kwa nini alfajiri, kama mtu anayepokea bidhaa za magendo? Jambo lile lingesemwa mchana, wazee wa boma wakiwa wameketi, hata kipofu asingedanganywa, maana macho ya wengine yangemwonea.

Kwenye kile kikao chetu nako, mazungumzo yalipochimbwa, ilibainika kwamba mzee alikuwa amemwita kila mwanawe kwa wakati wake, akamwambia, "Mikorosho ya bondeni yako, ila usiwaambie wenzako." Watatu, miti ileile! Alitaka kila mmoja amtunze kwa moyo mkunjufu. Kitindamimba aliogopa kupunjwa, akawahi karatasi. Simtetei hata kidogo. Kumdanganya baba asiyeona kwamba anaandikishwa pembejeo ni aibu ambayo nisingependa kuibeba. Lakini alifunguliwa mlango.

Waislamu tunalo fundisho la Nuuman bin Bashir. Baba yake alimpa zawadi, akaenda kwa Mtume amshuhudie. Mtume akamuuliza kama wanawe wote amewapa vivyo hivyo. Aliposema hapana, Mtume alikataa kushuhudia. Ona kulivyofanya kazi kule kutafuta shahidi: upendeleo ulijulikana pale pale, kabla haujazaa uadui.

Basi mzazi mwenzangu, kabla msimu wa kupuliza salfa haujafika, waite wote siku moja. Binti aliyeolewa Newala naye aitwe. Mjomba awepo, maana kwa desturi ya Kimakonde urithi ulipita upande wa mama na neno lake lingali na uzito, na awepo jirani asiyelitamani shamba lako. Taja mpaka kwa mpaka. Ukitaka maandishi, wakala wa serikali, RITA, hupokea wosia na kuutunza. Nawe kijana uliyejibanza kwenye kibanda cha ndama, toka umwambie baba ulichosikia.

(Katika Mlima Kenya kuna vilele vyenye majina yao: Batian (ndiye Mbatian), Lenana (ndiye Olonana) na Sendeyo. Huko juu wanakaa pamoja.)

Kikao chetu hakijaisha. Karatasi anayo mjomba, ameikunja mfukoni mwa kanzu. Mzee amesema atalizunguka shamba mwenyewe, akishikwa mkono, aguse mti mmoja mmoja na kumtaja mwenyewe. Ni Jumamosi, saa mbili asubuhi, na wote watatu wameambiwa wafike.